Mwongozo kamili: jinsi ya kuyamudu maneno ya msingi ya ikolojia na ulinzi wa mazingira

Maneno haya watu wanayasoma, wanayakariri, wanafaulu hata kuyataja kwa mpangilio. Waambie watunge sentensi mbili tu, utasikia: "Tutunze mazingira kwa sababu mazingira ni muhimu." Nimesahihisha sentensi ya aina hiyo mara nyingi mno, na tatizo si uvivu. Mwandishi alikariri majina ya vitu, ilhali karibu kila neno la ikolojia ni jina la uhusiano: nani anamla nani, kipi kinakwenda wapi, kipi kikizidi kinaleta nini.

Kwa hiyo tutaanzia nje, chini, kwenye udongo. Hatua nne za mwanzo zinahitaji saa mbili hivi. Jaribio la kufukia jani, karatasi na plastiki linachukua wiki 8, lakini linajiendesha lenyewe. Zinazobaki ni kazi ya jioni mbili.

## Unachohitaji

- Kamba yenye urefu wa mita 4 na vijiti 4 vya kuchomeka ardhini.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino huharibika ukurasa ukilowa umande.
- Kijiti kigumu au kijiko kikuukuu cha kuchimbulia, na glovu.
- Jani moja bichi, kipande cha karatasi isiyong'aa na kipande cha mfuko wa plastiki, vyote vya ukubwa wa kiganja.
- Lenzi ya kukuzia, kama unayo. Usipokuwa nayo, macho yanatosha.

Ile orodha ndefu ya maneno uliyonakili mahali, iache nyumbani. Ukiibeba utaanza kutafuta vitu vya kufanana na maneno, badala ya maneno ya kufanana na vitu.

## Hatua ya 1: Weka mpaka

Tafuta mahali penye nyasi au majani, pasipofagiliwa kila siku. Chomeka vijiti vinne, zungushia kamba, upate mraba wenye mita moja kila upande.

Sababu ya mpaka ni hii: bila mpaka huwezi kusema kitu kimeingia au kimetoka, na ikolojia yote ni habari za kuingia na kutoka.

Sasa andika maneno manne ya kwanza. Mazingira linatokana na kitenzi kuzingira: ni vyote vinavyomzunguka kiumbe fulani. Kwa hiyo kila mara jiulize, mazingira ya nani? Ya sisimizi si ya mti, hata kama wote wamo ndani ya kamba yako. Makazi ni mahali ambapo kiumbe wa aina fulani hupata chakula, maji na hifadhi. Mfumo ikolojia ni viumbe wote wa mahali fulani pamoja na udongo, maji, hewa na mwanga wanavyovitumia, na namna vyote hivyo vinavyoathiriana. Ikolojia ni elimu inayochunguza mahusiano hayo.

Hapo pa mwisho ndipo wengi huteleza. Anayeandika "ikolojia yetu imechafuliwa" ni sawa na anayesema "biolojia yangu ina homa." Kilichochafuliwa ni mto, udongo, hewa, au mfumo ikolojia mzima.

Umefaulu ukiweza kumchagua mdudu mmoja ndani ya mraba na kutaja mambo matatu yaliyo katika mazingira yake ambayo hayamo katika mazingira ya mdudu mwingine.

## Hatua ya 2: Tenga vilivyo hai, mabaki na visivyo hai

Chora safu tatu. Wengi huchora mbili, hai na isiyo hai, kisha wanakwama wakikuta jani kavu au ganda la konokono. Jani kavu haliko hai, lakini pia si jiwe: lilijengwa na kiumbe na bado lina nishati ndani yake. Lipe safu yake, la sivyo hatua ya 4 haitaeleweka.

Kwenye safu ya visivyo hai usisahau visivyoonekana: joto, unyevu, mwanga, hewa. Takribani asilimia 78 ya hewa kavu ni naitrojeni na asilimia 21 ni oksijeni. Kabonidayoksaidi, ile ambayo wengi tunaiita hewa ukaa, ni takribani asilimia 0.04 tu. Kiasi hicho kidogo ndicho kinacholisha mimea yote ya nchi kavu, na tutakirudia.

Kwenye safu ya hai hesabu kwa aina, si kwa vichwa. Hapa linaingia neno spishi: kundi la viumbe wanaoweza kuzaliana wao kwa wao na kupata watoto wenye uwezo wa kuzaa. Farasi na punda huzaa baghala, lakini baghala kwa kawaida ni tasa, ndiyo maana farasi na punda ni spishi mbili. (Kipimo hiki hakifai kwa viumbe wote, bakteria kwa mfano, ila kwa kuanzia kinatosha.)

Ukiona sisimizi 200 wanaofanana, hiyo ni spishi moja. Ukiona sisimizi mmoja, buibui mmoja na nyasi za aina mbili, hizo ni spishi nne. Tofauti hiyo ndiyo roho ya neno bayoanuwai, yaani wingi wa aina za uhai. Bayoanuwai hupimwa katika ngazi tatu: tofauti za kijeni ndani ya spishi moja, wingi wa spishi, na wingi wa mifumo ikolojia. Miti 10,000 ya aina moja iliyopandwa kwa mistari ni shamba la miti. Inaweza kuwa na faida zake, lakini usiiite msitu wenye bayoanuwai kubwa.

Tahadhari: usitie mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe usiloona upande wake wa pili. Geuza mawe kwa kijiti, kisha uyarudishe yalivyokuwa. Jiwe ulilogeuza ni paa la nyumba ya mtu.

Umefaulu ukiwa na spishi zisizopungua tano, hata kama hujui majina yake. "Mdudu mweusi mwenye miguu mirefu" ni jina halali kwa leo.

## Hatua ya 3: Chora mishale ya ulaji

Hii ndiyo hatua inayoangusha watu wengi kuliko zote, na kosa ni lile lile: mshale unageuzwa.

Chukua mfano huu:

majani → panzi → mjusi → kipanga

Mshale hausomwi "anakula". Unasomwa "anakwenda kwa", maana unafuata njia ya nishati. Nishati iliyomo kwenye majani inakwenda kwa panzi, ya panzi inakwenda kwa mjusi. Ukichora mshale kutoka kwa kipanga kwenda kwa mjusi umesema kwamba mjusi ndiye aliyemla kipanga.

Mstari mmoja kama huu ni mnyororo wa chakula. Ukiunganisha minyororo yote ya mahali pamoja, kwa sababu panzi huliwa pia na chura na chura huliwa pia na nyoka, unapata mtandao wa chakula. Katika uhalisia kuna mitandao. Mnyororo ni uzi mmoja tuliouvuta ili tuuone vizuri.

Sasa wape kazi wote uliowaandika. Mimea ni wazalishaji: kwa usanisinuru hutumia mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi kutengeneza sukari, na hutoa oksijeni. Neno lenyewe linajieleza: kusanisi, yaani kuunda, kwa nuru. Wanyama wote ni walaji: walamimea, walanyama, na wala vyote. Mlaji anayeishi juu ya mwenziwe au ndani yake na kumnyonya bila kumuua papo hapo ni kimelea.

Kisha weka hesabu. Katika kila kupanda ngazi moja ya mnyororo, takribani asilimia 10 tu ya nishati ndiyo inayojengeka kuwa mwili wa mlaji anayefuata. Kiwango hubadilika kutoka mfumo hadi mfumo, lakini wazo ndilo hilo. Sehemu kubwa hutumika katika kuishi na kutoka kama joto, na nyingine hubaki kwenye kinyesi na sehemu zisizoliwa. Ukianza na vipimo 1,000 kwenye majani, panzi wanapata kama 100, mijusi 10, kipanga 1. Hujiulizi tena kwa nini panzi ni tele na kipanga ni wa kuhesabu.

Lakini si kila kitu hupungua kikipanda. Zebaki, kwa mfano, haitumiki mwilini na haitoki kwa urahisi. Samaki mdogo anakuwa nayo kidogo. Mkubwa anayekula wadogo mamia anabaki na ya wote. Huo ndio mlimbikizo wa sumu katika mnyororo wa chakula, na ndiyo sababu samaki wakubwa wawindaji huwa na zebaki nyingi kuliko dagaa. Nishati inapungua juu, sumu inaongezeka juu. Anayeielewa sentensi hiyo ameuelewa mnyororo wa chakula.

Umefaulu ukiweza kufuta kiumbe mmoja kwenye mchoro wako na kusema ni nani ataongezeka na nani atapungua, pamoja na sababu.

## Hatua ya 4: Funga duara, kisha ufukie

Rudi kwenye ile safu ya mabaki. Fukua kidogo chini ya majani yaliyooza uone nyungunyungu, jongoo, nyuzi nyeupe za kuvu. Nyungunyungu na jongoo huvunjavunja mabaki. Kuvu na bakteria ndio waozeshaji wenyewe, wanaoyageuza kuwa virutubisho ambavyo mizizi huvinyonya upya. Bila wao maiti za mimea na wanyama zingerundikana na udongo ungefilisika.

Andika kwa herufi kubwa: nishati hupita, mata huzunguka. Nishati ya jua huingia, hutumika, hutoka kama joto na hairudi. Mata ni vitu vyenyewe: ukaa (kaboni), naitrojeni na maji huzunguka, vilivyo kwenye jani leo vilikuwa kwingine jana. Ndiyo maana tunasema mzunguko wa maji na mzunguko wa ukaa, lakini hatusemi mzunguko wa nishati.

Sasa chimba vishimo vitatu vya kina cha kiganja, pembeni mwa mraba wako. Fukia jani kwenye kimoja, karatasi kwenye cha pili, plastiki kwenye cha tatu. Weka alama na tarehe. Udongo ukikauka, umwagie maji kila baada ya siku chache, maana waozeshaji hawafanyi kazi kwenye ukavu.

Tahadhari: usifukie nyama (itafukuliwa na wanyama), wala betri (ina metali zenye sumu). Nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glovu.

## Hatua ya 5: Tenganisha maneno yanayochanganywa

Hii ni kazi ya mezani. Kila jozi ipe ukurasa wake, na uandike mfano wako chini yake.

Hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo, kesho, wiki hii. Tabianchi ni tabia ya hali ya hewa ya mahali kwa muda mrefu, na wataalamu wa hali ya hewa kwa kawaida hutumia wastani wa miaka 30. Siku moja ya joto kali haithibitishi mabadiliko ya tabianchi, na siku moja ya baridi kali haiyakanushi.

Gesijoto na ozoni. Hili limeota mizizi. Mtu anaandika kwamba dunia inapata joto kwa sababu "tabaka la ozoni limetoboka na jua linapita". Hayo ni mambo mawili. Tabaka la ozoni liko angani, hasa kati ya kilomita 15 na 35 juu yetu, na kazi yake ni kuzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho. Liliharibiwa na kemikali zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo iliyoanza kuzipiga marufuku hatua kwa hatua. Gesijoto zinafanya kazi nyingine kabisa: zinanasa joto linalotoka ardhini kurudi angani. Nazo ni mvuke wa maji, kabonidayoksaidi, methani na nyinginezo.

Wengine huziita "gesi chafuzi". Mimi neno hilo silipendi, kwa sababu linamfanya msomaji adhani ni uchafu wa kuondoa wote. Bila gesijoto wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi, badala ya nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Shida ni ziada. Kabla ya enzi ya viwanda, kati ya kila chembe milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa kabonidayoksaidi. Sasa zimepita 420, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kufyeka misitu.

Uchafuzi na uharibifu. Uchafuzi ni kuingiza kitu mahali au kwa kiasi kinachodhuru. Uharibifu ni kuondoa au kuvunja kilichokuwepo. Kumwaga mafuta mtoni ni uchafuzi. Kufyeka miti ya ukingo wa mto ni uharibifu. Angalia pia kwamba kichafuzi si lazima kiwe kibaya kwa asili yake. Mbolea shambani ni chakula, ziwani ni balaa.

Ukame na kuenea kwa jangwa. Ukame ni upungufu wa mvua kwa kipindi, na huisha mvua zikirudi. Kuenea kwa jangwa ni ardhi ya maeneo makavu kupoteza uwezo wake wa kuzalisha, mara nyingi kwa malisho kupita kiasi, ukataji miti na kilimo kisichotunza udongo. Mvua ikirudi kwenye ardhi ya namna hiyo huweza hata kuongeza mmomonyoko, kwa kuwa hakuna mizizi ya kuushika udongo.

Spishi ngeni na spishi vamizi. Kila spishi vamizi ni ngeni mahali ilipovamia, lakini si kila ngeni huvamia. Mahindi yalitoka Amerika na yamelimwa duniani kote bila kukimbia shambani na kuteka misitu. Gugumaji nalo lilitoka Amerika Kusini, likapelekwa kwingine kwa uzuri wa maua yake, na sasa linaziba maziwa na mito ya mabara kadhaa, likiwamo Ziwa Victoria.

Nishati jadidifu na nishati safi. Jadidifu ni ile inayojirudisha kwa kasi ya kuitumia: jua, upepo, maji yanayotiririka. Kuni ni jadidifu iwapo miti inaota upesi kuliko inavyokatwa, lakini moshi wake ndani ya nyumba si safi hata kidogo. Maneno haya hayabadilishani nafasi.

Kuoza na kumeguka. Usiandike kitu hapa. Subiri hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Panga maneno ya ulinzi

Ulinzi una maneno mengi ya heshima, na mengi hutumiwa kama mapambo. Yapime kwa swali moja moja.

Punguza, tumia tena, rejeleza. Mpangilio huu ni wa makusudi. Chupa isiyotengenezwa haikutumia nishati yoyote. Inayotumika tena huhitaji kuoshwa. Inayorejelezwa huhitaji kukusanywa, kusagwa na kuyeyushwa. Anayeanza na kurejeleza ameanza mwisho. Mabaki ya jikoni na majani yana njia yake, mboji, ambayo ni hatua ya 4 uliyoiona ikifanywa kwa makusudi.

Kupunguza na kuhimili. Katika habari za tabianchi, kupunguza ni kushughulikia chanzo, yaani gesijoto zenyewe. Kuhimili ni kujipanga kwa athari ambazo zimeshafika au haziepukiki, kwa mfano kupanda mbegu zinazostahimili ukame. Mikoko hufanya yote mawili: hunasa ukaa na huvunja nguvu ya mawimbi.

Hifadhi na uhifadhi. Hifadhi huweza kuwa mahali, kama hifadhi ya taifa. Uhifadhi ni kazi yenyewe. Unaweza kuwa na hifadhi kwenye ramani bila uhifadhi wowote.

Endelevu. Neno hili limechoshwa. Lirudishie hesabu: je, kinachovunwa kinazidi kinachoota au kuzaliana? Kikizidi, si endelevu, hata kama bango linasema hivyo.

Tathmini ya athari kwa mazingira. Hufanywa kabla ya mradi kujengwa, ili mradi ubadilishwe au ukataliwe ikibidi. Ikija baada ya ujenzi, tafuta jina jingine.

## Hatua ya 7: Andika bila neno "mazingira"

Tunga sentensi kumi. Kila moja iwe na mtenda, kitendo na matokeo, na neno mazingira lisitokee hata mara moja.

Mfano dhaifu: "Mbolea huharibu mazingira ya ziwa."

Mfano wenye nguvu: "Mvua huosha mbolea shambani na kuipeleka ziwani, mwani hustawi na kufunika maji, kisha ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni na samaki hukosa pumzi."

Tazama ni maneno mangapi ya hatua zilizopita yamejipenyeza humo bila kulazimishwa. Neno mazingira si baya, tatizo ni kwamba limefanywa gunia: lolote usilotaka kulifikiria unalitumbukiza humo. Ukilinyima kalamu kwa siku moja, utalazimika kusema ni nini hasa kimedhurika.

Ukikwama kwenye sentensi, chora mshale kwanza. Ukishindwa kuchora mshale, bado hujalielewa neno hilo. Rudi hatua ya 3 au ya 5.

## Hatua ya 8: Fukua

Baada ya wiki 8 rudi kwenye vishimo. Jani pengine limebaki mishipa tu, au limetoweka. Karatasi inachanika ukiigusa, imejaa madoa ya kuvu. Kasi hutegemea joto na unyevu, hivyo kama bado vinatambulika kabisa, fukia tena na ongeza maji.

Plastiki utaikuta kama ulivyoiacha, ina udongo tu juu yake. Sasa jaza ule ukurasa ulioachwa wazi. Kuoza ni waozeshaji kukila kitu hadi kirudi kuwa virutubisho. Kumeguka ni kitu kukatika vipande vidogo huku kikibaki kilekile. Jua na msuguano huimegua plastiki ya kawaida hadi vipande visivyofika milimita 5, vinavyoitwa plastiki ndogondogo, na hivyo huingia kwenye mnyororo wa chakula bila kuwa chakula cha mtu yeyote.

Andika sentensi tatu, moja kwa kila kishimo, kwa kanuni ya hatua ya 7. Kisha ng'oa vijiti, kunja kamba, ufukie vishimo. Plastiki ondoka nayo.